Barua ya wazi kwa Mamlaka ya Mawasiliano: Mkiidhinisha redio, ulizieni na draiva yake

Kwa Mkurugenzi Mkuu na maafisa wa idhini ya vifaa,
Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya,
Nairobi.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Shimoni, kule inakoishia barabara ya kutoka Kanana. Kazi yangu ni fundi wa simu na kompyuta. Nimeifanya barua hii kuwa ya wazi kwa sababu shida yenyewe si yangu peke yangu. Fundi yeyote kati ya Vanga na Ukunda ana droo ya tableti ambazo ukizitazama hazina ubovu: kioo kizima, betri nzima, ila Wi-Fi haikai. Na kama ziliingia nchini kihalali, redio za aina hizo zilipita mezani kwenu kabla hazijafika kwangu. Kazi hiyo mlipewa na kanuni za mwaka 2010 za uingizaji, uidhinishaji na usambazaji wa vifaa vya mawasiliano.

Ombi langu ni hili. Mtu akiwaletea redio ya kuidhinishwa, mtakeni alete pia msimbo wa draiva yake, yaani programu inayoiendesha redio hiyo, kisha muuweke mahali ambapo fundi anaweza kuusoma. Sababu nitaieleza kwa kupitia tableti mbili zilizofika mezani kwangu zikiwa na ugonjwa mmoja. Moja ilipona, nyingine haijapona, na kilichozitenganisha hakikuwa chuma.

Zote mbili zilikuwa za kazi ya samaki. Kwenye bandari za uvuvi huku, chombo kikirudi, kuna anayeandika: ni mtumbwi au dau, wametumia madema, nyavu au mshipi, wamepata tafi, changu, pono, kolekole au pweza, kilo ngapi. Anaandika bila mtandao pale pale ufuoni, jioni akifika kwenye Wi-Fi anatuma. Wi-Fi isipokubali, hesabu inabaki ndani ya tableti. Mwandishi amefanya kazi yake, wavuvi wamefanya yao, lakini ripoti ya mwezi inasoma kana kwamba bahari ilikuwa tupu, na ni kwa ripoti kama hizo watu hukaa mahali penye kiyoyozi wakapanga tuvue nini na tuache nini.

Tableti ya kwanza ilizaliwa na Windows 8.1. Ndani ina prosesa ya Intel Atom ya ukoo wa Bay Trail, kumbukumbu ya GB 2 na hifadhi ya GB 32. Microsoft iliacha kuihudumia Windows hiyo tarehe 10 Januari 2023, na Windows ya baadaye ikilazimishwa kwenye hifadhi ndogo namna ile hujaa hata kabla hujaanza kazi. Nikaweka Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta. Hilo nalo lina vituko vyake, kwa kuwa tableti nyingi za ukoo huo zina prosesa ya biti 64 lakini programu ya kuwashia ni ya biti 32, na diski ya kawaida ya kusakinishia haitambuliki. Tuliache hilo, lilipita. Kioo kikaitika kidole, sauti ikatoka. Wi-Fi ndiyo iliyogoma.

Iligoma kwa namna yake. Inaunganika, alama inajaa, ukurasa wa kwanza unafunguka. Dakika chache baadaye hakuna kinachopita, na alama bado imejaa. Haikuambii kwamba imekatika. Ukizima kioo ukakiwasha tena, ndiyo kwanza inanyamaza kabisa, mpaka uizime tableti yote na kuiwasha upya.

Huku pwani mshukiwa wa kwanza huwa ni chumvi. Kusi likivuma, unyevu wa bahari unapenya hata kwenye kifaa kilichofungwa, na kile kichwa kidogo cha waya wa antena kinaota kutu ya kijani. Nikafungua, nikasafisha kwa spiriti, nikafunga. Hali ile ile. Nikachomeka kidude cha Wi-Fi cha USB chenye chipu ya kampuni nyingine: tableti hiyo hiyo, ruta hiyo hiyo, juu ya meza hiyo hiyo, mtandao ukakaa mchana kutwa. Kwa hiyo ruta haina kosa, na Linux kwa jumla haina kosa. Nikaazima tableti ya aina hiyo hiyo ambayo mwenyewe hakuwa ameiondolea Windows. Nayo ikashika mtandao kutwa kwa redio yake ya ndani. Kwa hiyo redio ya aina ile nayo haina kosa. Kilichobaki ni maandishi yaliyokaa kati ya redio na keneli, yaani kiini cha Linux, na hayo ndiyo draiva.

Jina la chipu nililipata kwa amri ya dmesg, ambayo humwaga kila keneli ilichosema tangu tableti ilipowashwa. Mafundi wengi hutafuta kwa lspci au lsusb, wakiona kimya wanamwambia mteja kifaa hakina Wi-Fi. Tableti hizi redio yake haipiti USB wala PCI, inapita SDIO, njia ile inayotumiwa na kadi za kumbukumbu, na haitaonekana kwenye orodha hizo mbili. Chipu ilikuwa RTL8723BS ya Realtek, Wi-Fi na Bluetooth katika kipande kimoja. Draiva yake kwenye Linux huitwa r8723bs. Ukiiuliza kwa amri ya modinfo, inakutajia vitu unavyoweza kuibadilishia. Kimojawapo ni rtw_power_mgnt, mpangilio wa kuokoa betri. Nikauweka sifuri.

Ule unyamavu ukaisha.

Naomba mnivumilie nieleze sababu, ingawa najua baadhi yenu mnaijua kuliko mimi. Ruta hutoa tangazo kila baada ya milisekunde 102.4 kwa kawaida. Redio ya tableti, ili isile betri, husinzia kati ya tangazo na tangazo, na ndani ya tangazo kuna orodha ya waliosinzia wenye mizigo inayowangoja. Redio ikichelewa kuamka, au draiva ikikosea hesabu ya kuamka, mzigo unangoja hadi ruta inachoka na kuutupa. Mtumiaji bado anaona alama imejaa kwa kuwa hakuna upande uliosema kwaheri. Ukiikataza redio kusinzia, ubovu unajificha na betri inaisha mapema. Hilo mwandishi wa samaki alilikubali mara moja. Afadhali kuchaji adhuhuri kuliko kupoteza kilo za watu.

Kulibaki mambo mawili. La kwanza, ukisogea hatua chache kutoka kwenye ruta, kasi inaanguka. Bluetooth na Wi-Fi za chipu hii zinagawana masafa ya GHz 2.4, na mara nyingi hata antena ni moja. Bluetooth ikizimwa hali inakuwa nafuu. La pili, mara nyingine tableti yote inaganda, na kila mtu anailaumu Wi-Fi. Saa ya kwenye kioo ikiwa nayo imesimama, huo si ugonjwa wa Wi-Fi hata kidogo. Prosesa za Bay Trail zilijulikana kwa kuganda zikiingia usingizi mzito, na hitilafu hiyo imesajiliwa kwenye daftari la keneli ya Linux kwa nambari 109051 tangu 2015. Anayeugua hapo ni Intel, si Realtek. Nimelitaja kwa sababu nusu ya ufundi huu ni kutochanganya magonjwa mawili kwa mgonjwa mmoja.

Sasa tazameni ni nani aliyeitibu tableti hiyo. Mimi nilibonyeza tu. Realtek ilitoa msimbo wa draiva yake kwa leseni huria ya GPL, lakini iliutoa kama lundo, umeandikiwa keneli za zamani, nje ya keneli kuu, unapitishwa kutoka mkono hadi mkono. Watu wakauokota. Bastien Nocera na Hans de Goede, wote wakiwa kampuni ya Red Hat wakati huo, wakausafisha hadi ukaingia Linux 4.12 mwaka 2017, kwenye sehemu ya mazoezi iitwayo staging, na wengine wameendelea kuufyeka tangu hapo. Kwa draiva nyingine za Realtek kulikuwa na Larry Finger, mwanasayansi mstaafu wa Marekani aliyezitunza miaka mingi bila kuajiriwa na kampuni hiyo, hadi alipofariki Juni 2024. Hakuna hata mmoja wao ninayemjua, wala hawaijui Shimoni. Msimbo ulikuwa wazi, basi kazi yao ikafika hadi hapa bila barua wala bahasha.

Tableti ya pili ni ya Android, yenye prosesa ya ARM. Chapa yake sitaitaja, maana ubovu huu si wa chapa moja. Dalili ni zile zile: inaunganika, inanyamaza, alama imejaa. Nikaipima kwa kuichomeka kwenye chaja na kuacha kioo kikiwaka, ikatuma kutwa. Nikachomoa chaja na kuacha kioo kizimike, ikanyamaza. Kumbukumbu zake nikizisoma kwa kompyuta zinaonyesha mtindo ule ule: muunganisho upo, pakiti hazipo. Kwa hiyo najua ugonjwa uko wapi, hata dawa ingekaa sehemu gani najua. Siwezi kufika. Draiva imeshonwa ndani ya keneli 3.18, haina kitu cha kugeuza, programu ya kuwashia imefungwa kwa ufunguo wa kiwandani, na msimbo haupo popote.

Kwa tableti ya kwanza mwenye kiwanda angeweza kunijibu kwamba hakuniuzia Linux. Huyu wa pili hana jibu hilo. Android imesimama juu ya keneli ya Linux. Aliichukua mwenyewe, akaibadilisha mwenyewe, akaiuza. Keneli hiyo inatembea na leseni ya GPL toleo la 2, ya Juni 1991, na kifungu chake cha 3 kinamtaka anayesambaza programu iliyokwisha kutafsiriwa kwa mashine aifuatanishe na msimbo, au ahadi ya maandishi ya kuutoa, inayodumu angalau miaka mitatu, kwa mtu yeyote atakayeuomba. Ndani ya boksi kulikuwa na chaja, waya, na karatasi ya maonyo ya kutoiweka tableti kwenye maji. Niliandika kuomba msimbo. Aliyeuza alinielekeza kwa kiwanda, na anwani ya kiwanda iliyo nyuma ya boksi haijanijibu.

Kwa sasa mwandishi anaichomeka kwenye pawabenki na kukishikilia kioo kwa kidole kisizimike hadi hesabu iishe kwenda. Akiwa na wavuvi wanaomngoja bei, si kazi ya kupendeza.

Nadhani mnajiuliza yanawahusu nini, kwa kuwa nyinyi mnapima masafa na nguvu ya redio, hamwajibiki kwa leseni za watu. Ndiyo maana nimewaandikia nyinyi badala ya kuwaandikia wanasheria. Draiva ni sehemu ya redio. Redio hii bila draiva haitoi hata wimbi moja, na nguvu inayotoa na chaneli inazozitumia zinaamuliwa na draiva pamoja na programu ndogo inayopakiwa ndani ya chipu. Mnapopima kifaa mnapima chuma na maandishi kwa pamoja, kisha mnaweka kwenye faili habari za chuma peke yake.

Kuna hofu ambayo nimeisikia, na ina uzito wake: msimbo ukiwa wazi, watu watapandisha nguvu za redio na kuvuruga masafa ya wengine. Jibu lilishapatikana kwingine. Agosti 2016 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliitoza TP-Link dola 200,000 kwa kuuza ruta ambazo mtu angeweza kuzipandisha nguvu kupita kiwango. Hapo ingeweza kuishia kwa kufunga kila kitu. Lakini katika makubaliano hayo hayo kampuni ilikubali kushirikiana na waandishi wa programu huria na watengenezaji wa chipu, ili mteja aweze kuweka programu nyingine kwenye ruta yake huku mipaka ya redio ikilindwa. Ni mdhibiti kama nyinyi aliyelifanya hilo. Na kabla yake kuna ruta ya Linksys WRT54G, ambayo mwaka 2003 watu waligundua ndani yake imo Linux. Msimbo ukadaiwa, ukatolewa, na kutokana nao ikazaliwa programu huria ya OpenWrt mwaka 2004, ambayo hadi leo inafufua ruta ambazo viwanda vilishazisahau. Wanaoharibu masafa kwa makusudi hawajawahi kungoja msimbo rasmi.

Wala msiseme hamna meno. Mwishoni mwa Septemba 2012, mkiwa bado mnaitwa Tume ya Mawasiliano, mliamuru simu bandia zizimwe, na simu zaidi ya milioni moja zikanyamaza. Watu walilalamika, lakini lilifanyika. Ninachokiomba leo hakizimi kifaa cha mtu. Ni kipengele kimoja kwenye fomu na nafasi kidogo kwenye seva.

Kama kuwabana wauzaji wote kwa mpigo ni kazi kubwa, anzeni na vifaa vinavyonunuliwa kwa fedha za umma. Mpango wa kusoma kidijitali uliosambazwa kuanzia 2016 uligawa vifaa zaidi ya milioni moja kwa shule za msingi zaidi ya 21,000. Sisemi vifaa hivyo vina ugonjwa huu. Nasema tu kwamba nchi ikishika vifaa vingi namna hiyo, ubovu mdogo wa draiva unakuwa jambo la taifa, na anayeweza kuurekebisha huenda yuko Lunga Lunga au Lodwar, wala si lazima awe kiwandani. Umoja wa Ulaya umeshaanza kwa upande wake: kanuni yake nambari 2023/1670, iliyoanza kutumika tarehe 20 Juni 2025, inawataka watengenezaji na waagizaji wa simu na tableti wahakikishe vipuri vinapatikana kwa miaka 7 baada ya kuacha kuuza aina hiyo. Viwanda vinavyotuuzia sisi vinauza na kule. Kwetu Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na habari anazohitaji ili afaidike nazo kikamilifu. Msimbo wa draiva, kwa fundi, ndiyo habari yenyewe.

Kuna dogo lingine la kuongeza, halihitaji sheria. Linux ina faili la kanuni za redio za kila nchi, na Kenya imo kwa herufi KE: masafa gani, nguvu kiasi gani. Faili hilo hupokea marekebisho kutoka kwa mtu yeyote atakayeambatanisha hati rasmi ya nchi. Niliwahi kuletewa tableti ambayo haiioni ruta ya nyumbani ilhali simu zote za nyumba hiyo zinaiona. Ruta ilikuwa kwenye chaneli 13 na tableti ilikuwa na ramani ya Marekani, ambako vifaa huishia chaneli 11. Nikaihamisha ruta, yakaisha. Lakini kwa nini mistari ya Kenya iandikwe na yeyote atakayejisikia, wakati nyinyi ndio wenye hati? Afisa mmoja, asubuhi moja, anaweza kuipitia na kuituma.

Pamoja na barua hii nimewaletea ombi rasmi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ambayo inawapa siku 21 za kujibu. Nimeuliza mambo matatu: kama fomu ya kuomba idhini inamtaka mwombaji ataje toleo la draiva na la programu ya ndani ya chipu, kama kuna mwombaji yeyote ambaye amewahi kuwakabidhi msimbo, na kama ninyi wenyewe, mkipokea malalamiko kuhusu redio mliyoidhinisha, mna njia ya kuona maandishi yanayoiendesha. Kumbukumbu za dmesg za tableti ya kwanza na zile za ile ya Android nimezitia kwenye flashi iliyomo ndani ya bahasha hiyo hiyo. Tableti zenyewe siwezi kuzituma, zinatumika bandarini kila siku.

Wenu,
Fundi wa simu na kompyuta,
Shimoni, Kwale.